Nairobi hadi New York: kilomita ngapi, saa ngapi?

Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York ilianza tarehe 28 Oktoba 2018. Toka hapo maswali kuhusu njia hiyo hayajakoma, na mengi yanafanana: umbali, muda, tofauti ya saa, na kama inafaa kulipa zaidi ili kukwepa kubadilisha ndege. Safari hii tumeyakusanya pamoja. Barua tumezifupisha.

Mhariri, salaam. Binti yangu amepata nafasi chuoni New York. Nikiuliza umbali kutoka Nairobi, mmoja ananiambia 11,840, wa pili 7,355, wa tatu 6,390. Nimepima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, nikapata namba ya nne. Niamini ipi? (Mzazi, Kisumu)

Hongera kwa binti, mzee wetu. Zile tatu za kwanza zote ni sahihi na zinasema jambo moja. Kilomita 11,840 ni sawa na maili 7,355 za kawaida, na ni sawa na maili 6,390 za baharini, ambazo ndizo marubani hutumia. Maili ya baharini ni mita 1,852. Ukiona namba zinatofautiana kwa kilomita kumi au ishirini usihangaike: mmoja amepima kutoka katikati ya mji, mwingine kutoka uwanjani, au mmoja amechukulia dunia kuwa mviringo kamili na mwingine amezingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha.

Ya rula ndiyo ya kuacha. Ramani ya ukutani imelazimisha dunia ya mviringo ikae kwenye karatasi bapa, na inapofanya hivyo inanyoosha kile ambacho hakijanyooka. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya mabaharia kutoka Nairobi hadi New York una urefu wa kilomita 12,190 hivi, yaani 350 zaidi ya njia fupi kabisa. Na haupiti kabisa mahali ambapo njia fupi inapita. Kwenye longitudo sifuri, mstari wa rula unakatiza kaskazini mwa Burkina Faso; njia fupi iko katikati ya Algeria, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini yake.

Kama shule ya jirani ina tufe, chukua uzi, shika ncha moja Nairobi, nyingine New York, uukaze. Utaona wenyewe unaelekea kaskazini-magharibi: unapita pembeni mwa Mlima Elgon, unaingia Uganda upande wa Lira, Sudan Kusini, unachanja pembe ya Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, Algeria, unatoka barani Afrika Morocco si mbali na Marrakech, unavuka visiwa vya Azores, kisha bahari tupu hadi Marekani. Wengi hudhani ndege inatoka Afrika kupitia Senegal au Ghana. Uzi hauelekei huko.

Ndege halisi nayo haifuati uzi kwa ukamilifu. Anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na kila siku waandaaji wa safari huangalia upepo, dhoruba za kitropiki na anga zilizofungwa kabla ya kuchora njia ya siku hiyo. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa kwa kweli huwa nyingi kuliko 11,840, na leo hazilingani na za kesho.

Mwanangu wa kidato cha tatu amegawanya 11,840 kwa 900 akapata saa 13. Ratiba inasema 15 kwenda na 14 na ushee kurudi. Mwalimu wake kasema hesabu ni sahihi. Sasa hizo saa mbili zinaliwa na nani? (Mama wa wawili, Eldoret)

Mwambie mwanao hesabu yake ni nzuri na mwalimu hakukosea. Boeing 787-8, aina ya ndege iliyoanzisha njia hii, husafiri kwa mwendo wa asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kule juu kwenye baridi ya nyuzi hasi 55 hivi, hiyo ni takriban kilomita 903 kwa saa. Kama ndege ingekuwa na mwendo huo tangu mlangoni hadi mlangoni, bila upepo, kwa njia fupi kabisa, ingetumia saa 13 na dakika 6.

Lakini ratiba haihesabu muda wa kuwa hewani tu. Inahesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye geti hadi inaposimama kwenye geti la kule. Humo ndani kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, foleni, kupanda kwa mwendo wa chini, kushuka kwa mwendo wa chini, na uwanja wa JFK wa New York kuwa na ndege nyingi zinazosubiri zamu ya kutua. Weka dakika 40 hadi saa nzima kwa hayo yote.

Kisha upepo, na hapa ndipo penye uhondo. Juu ya Sahara na juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mikondo ya upepo wa kasi inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa Desemba hadi Machi, na katikati ya mkondo kasi inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndege inayokwenda New York inaipokea usoni. Tuseme wastani wa safari nzima ni kilomita 50 tu kwa saa dhidi yako: mwendo juu ya ardhi unashuka hadi 853, na muda wa hewani unakuwa karibu saa 13 na dakika 53. Upepo huohuo ukiwa mgongoni wakati wa kurudi, mwendo unapanda hadi 953 na muda unakuwa saa 12 na dakika 25. Tofauti ya saa moja na nusu, kwa umbali uleule. Ndiyo maana rubani anaweza kuiacha njia fupi kwa mamia ya kilomita akakwepe mkondo wakati wa kwenda, au aufuate wakati wa kurudi, na bado akafika mapema kuliko angenyoosha. Kilomita zikiongezeka si lazima dakika ziongezeke.

Kuna pia suala la uzito, ambalo abiria halioni. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ina uzito wa asilimia 85 hivi ya hewa ya pwani, mabawa yanapata nguvu kidogo ya kuinua na injini zinameza hewa kidogo. Ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Bahati nzuri njia ya kurukia ina urefu wa mita 4,117. Kuondoka usiku kunasaidia kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. Safari ilipozinduliwa, kampuni ilitangaza kwamba kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Ndege ikijaa mafuta kiasi hicho, kinachobaki cha kupunguza ni mizigo, au hata viti, siku ambayo upepo ni mbaya sana.

Jirani zetu wa Addis Ababa wana tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Uwanja wa Bole uko mita 2,334, na kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian ya kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta huku ya kurudi ikija moja kwa moja, kwa kuwa huko Washington inaruka kutoka karibu na usawa wa bahari na upepo unaisukuma.

Tiketi ya shemeji inasema aliondoka Nairobi 23:25 akafika New York 06:25. Ni saa saba? Na mbona watu wanasema atachoka kwa saa 15? Tena kuna anayesema tofauti ni saa 7 na mwingine 8. (Dar es Salaam)

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. 23:25 ni ya Nairobi, 06:25 ni ya New York, na kuzitoa moja kwa nyingine ni sawa na kutoa shilingi kwenye dola.

Fanya hivi. Shika saa ya Nairobi peke yake. Ameondoka saa tano na dakika 25 usiku. Ongeza saa 15, unafika saa nane na dakika 25 mchana wa kesho yake, bado kwa saa ya Nairobi. Wakati huo New York iko nyuma kwa saa nane, kwa hiyo kwao ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Hiyo ndiyo 06:25.

Waliokuambia 7 na 8 wote wana haki, kila mmoja kwa msimu wake. Afrika Mashariki hatugusi saa mwaka mzima. New York wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 tarehe hizo ni 8 Machi na 1 Novemba. Kati ya Machi na Novemba tofauti ni saa 7. Miezi iliyobaki ni 8. Kampuni za ndege nazo hubadilisha ratiba zao kwa misimu, hivyo tiketi uliyonunua Januari kwa safari ya Aprili iangalie upya wiki ya safari.

Mtego mkubwa kuliko huo ni usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:05 Jumapili tarehe 15 Machi, unatakiwa uwe uwanjani Jumamosi tarehe 14, saa tatu usiku. Kila mwaka kuna familia zinazosindikiza msafiri Jumapili jioni, na ndege ilishaondoka karibu saa ishirini na nne zilizopita. Ukiwajulisha watu sema "usiku wa kuamkia Jumapili", usiseme "Jumapili usiku". Na ukimwandikia ndugu wa Marekani akupokee, andika kwa tarakimu za saa 24 na jina la mji: "natua 06:25, saa ya New York". Ukiandika "saa kumi na mbili" kwa ndugu aliyekulia kule, atakuja kukutafuta saa sita mchana.

Mimi ni kijana wa Mombasa, nasafiri peke yangu. Tiketi ya kupitia Doha ni nafuu kuliko ya moja kwa moja. Rafiki kanishauri London, mwingine Istanbul. Ipi iko njiani?

Swali zuri, na jibu litakushangaza: London iko njiani kuliko Doha. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 hivi, London hadi New York 5,540. Jumla 12,380, yaani unazidisha kilomita 540 tu juu ya njia fupi. Kupitia Amsterdam ziada ni 700 hivi. Istanbul unafikia 12,830, ziada inakaribia elfu moja. Doha ni 3,350 halafu 10,770, jumla 14,120. Umezidisha kilomita 2,280, kwa sababu unaanza safari ya magharibi kwa kwenda kaskazini-mashariki kisha unarudi magharibi.

Kwa saa za kuwa ndani ya ndege: kupitia London ni tisa na nane, jumla 17 hivi. Kupitia Istanbul ni karibu saba na kumi na moja. Kupitia Doha ni tano na ushee na kumi na nne, jumla 19 na zaidi. Hapo hatujahesabu kusubiri.

Na kusubiri ndiko kunakoamua. Usilinganishe bei kabla hujahesabu muda wote tangu ndege ya kwanza inapoondoka hadi ya mwisho inapotua, kwa saa ya mji mmoja. Wauzaji wa tiketi mtandaoni huuandika muda huo kwa herufi ndogo pembeni. Ukiona "31h" ujue kuna usiku mmoja wa kulala kwenye viti vya uwanja wa watu. Kusubiri kwa saa mbili hadi nne ndiko kunakofaa. Chini ya saa moja na nusu, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo umeikosa ya pili. Zaidi ya saa nane, ongeza chakula na pengine chumba kwenye bei, kisha uone kama unafuu bado upo.

Jambo moja tunalolisisitiza: safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukinunua Mombasa hadi Nairobi kwa kampuni moja, na Nairobi hadi New York kwa nyingine, tiketi mbili tofauti, basi ndege ya Mombasa ikichelewa ile ya pili haina deni na wewe. Wengi hununua hivyo wakiokoa kidogo, wakapoteza tiketi nzima. Uliza pia masharti ya viza ya mji unaopitia kabla ya kulipa, maana kwa London, kwa mfano, kubadilisha ndege tu kunaweza kuhitaji kibali, na pasipoti ya Kenya haitazamwi sawa na ya Kongo au ya Uganda kila mahali.

Kwa kijana mwenye miguu na mgongo mzima, maoni yetu ni kwamba Ulaya au Istanbul yenye kusubiri kufupi inafaa. Kwa mzee, mama mwenye mtoto mchanga, au asiyejua Kiingereza, lipia ya moja kwa moja ukiweza.

Msomaji wa Dar es Salaam aliyeuliza kama kuanzia Nairobi ni kurudi nyuma, jibu ni hapana. Dar hadi New York kwa njia fupi ni kilomita 12,440. Kupitia Nairobi ni 12,500 na kidogo. Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari wako.

Mtoto wetu aliona kwenye kioo cha kiti "1,083 km/h" wakati wa kurudi Nairobi. Anadai ndege ilivunja mwendo wa sauti. Ni kweli? (Thika)

Sio kweli. Kioo huonyesha mwendo juu ya ardhi. Ndege ilikuwa inakwenda kilomita 903 ndani ya hewa, na hewa yenyewe ilikuwa inakwenda 180 upande uleule. Mwendo wa sauti, ambao kule juu ni karibu 1,062, hupimwa dhidi ya hewa, na dhidi ya hewa ndege haikubadilika hata kidogo.

Assalaam alaykum. Nasafiri mwezi wa Ramadhani, kwenda na kurudi. Nifuate saa ya wapi kwa daku na kufuturu? Niliambiwa usiku wa kwenda hauishi. (Lamu)

Wa alaykum salaam. Ruhusa ya msafiri kula na kulipa siku nyingine unaijua, na uamuzi ni wako na sheikh wako. Sisi tunaeleza mwendo wa jua.

Ni kweli usiku wa kwenda ni mrefu ajabu. Unaondoka Nairobi jua limezama saa tano zilizopita, na unakwenda magharibi, yaani unalikimbia jua linalokuja nyuma yako. Hulishindi: kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa na ndege yako haifiki hata 900. Lakini unalichelewesha sana. Kati ya magharibi ya Nairobi na kuchomoza kwa jua New York mwezi Januari zinapita saa 20 na nusu. Kwa ratiba ya kutua 06:25 wakati wa Februari, alfajiri itakukuta bado uko angani, pengine zaidi ya saa mbili kabla ya kutua, wakati saa yako ya Nairobi inasoma mchana. Mlo wa pili ndani ya ndege kwa kawaida hugawiwa kama saa mbili kabla ya kutua, na huo unaweza kuwa umechelewa kwa daku. Ukifunga kwa saa ya Nairobi utakuwa umejizuia kula kwa saa nyingi za giza.

Kurudi ni kinyume. Ndege ikiondoka New York saa saba mchana na jua la pale linazama saa kumi na mbili kasoro robo, aliyebaki mjini ana karibu saa tano za kusubiri. Wewe unakwenda mashariki, unalikimbilia giza, na dirisha lako litaingia giza baada ya saa mbili na dakika arubaini hivi, tatu ukipenda kuweka tahadhari. Kwa hiyo weka tende karibu, usizifungie kwenye begi la juu.

Masheikh wengi husema aliye angani afuturu pale jua linapozama kwa macho yake mwenyewe, na hapo kuna tofauti ya kuijua. Ukiwa kilomita 11 juu, unaona mbali zaidi ya aliye ardhini, na jua unaliona kwa dakika 13 au zaidi baada ya aliye chini yako kulipoteza. Ramani ya kioo ikionyesha kwamba mji ulio chini yenu umeshaingia magharibi, dirishani jua bado litakuwepo. Kaa kiti cha upande wa kulia kama unataka kuliona likizama nyuma ya bawa. Kurudi Nairobi magharibi huwa nyuma yako na kusini iko kulia.

Mama yangu ana miaka 71, anakuja kwangu Minneapolis kupitia New York. Ana kisukari na hajui Kiingereza. Nimepewa muda wa dakika 95 kubadilisha ndege JFK. Inatosha? (Minnesota)

Haitoshi, dada. Omba ndege ya baadaye leo, usingoje. Mgeni yeyote anayeingia Marekani hupitia uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari yake inaishia Minneapolis. Baada ya hapo anachukua mabegi yake mwenyewe kwenye mkanda, anayapitisha forodha, kisha anayakabidhi tena. Lebo ya begi ikiwa imeandikwa MSP, yaani uwanja wa Minneapolis, haibadilishi chochote. Begi halivuki peke yake. Halafu anapita ukaguzi wa usalama upya. Foleni ya uhamiaji pekee inaweza kula saa moja na nusu asubuhi ambayo ndege kadhaa zimetua pamoja. Panga saa tatu kwa uchache, nne ni bora. Kenya Airways hushushia Terminal 4. Kama ndege ya pili inaondokea jengo jingine, mama atahitaji kupanda treni ya uwanjani, hivyo tafuta inayoondokea hapohapo.

Mwombee kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, au angalau saa 48 kabla, hata kama anatembea vizuri. Si kwa ajili ya miguu. Msukuma kiti anajua njia, anamfikisha kwenye kila dawati, na hamwachi hadi geti la pili. Mwandikie karatasi ya Kiingereza yenye jina lako, simu, anwani utakayokaa naye, namba za ndege zote mbili na sentensi kwamba ana kisukari. Aishike mkononi, isiwe ndani ya simu inayoweza kuzimika.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye maboksi yake ya hospitali, pamoja na barua ya daktari. Insulini isiwekwe kwenye begi la chini ya ndege: ikiganda inaharibika, na begi likichelewa mama hana dawa. Kwa ratiba ya vipimo, mpelekee daktari wake namba hizi mbili: siku ya kwenda itakuwa na saa 33 badala ya 24 (32 kama ni kiangazi cha Marekani), kwa kuwa Minneapolis iko saa moja nyuma ya New York, na siku ya kurudi itakuwa na saa 15 (au 16). Anayetumia insulini ya kudunga mara moja au mbili kwa siku anahitaji kuambiwa na daktari dozi ipi iongezwe, ipunguzwe au isogezwe. Usimkadirie wewe. Kwa vidonge vya kawaida, wengi huelekezwa kubaki na saa ya Nairobi mkononi hadi watue, kisha kusogeza kidogo kidogo.

Miguu pia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mwenye afya bado ni kama mmoja kati ya 6,000, lakini umri, unene, upasuaji wa karibuni na mishipa iliyovimba huongeza. Kiti cha njiani, atembee kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, akunje na kunyoosha vifundo vya miguu akiwa amekaa, anywe maji. Soksi za kubana na aspirini ni za kuuliza daktari kwanza. Kuhusu hewa nyembamba asihofu sana: ndani ya 787 presha huwekwa kama mtu aliye mita 1,800 juu, ambayo si tofauti kubwa na Nairobi yenyewe. Mama wa Mombasa anaweza kuisikia kidogo, wa Limuru hataitambua.

Akifika, mpe siku. Mwili huzoea saa mpya kwa kadiri ya saa moja na nusu kwa siku ukielekea magharibi, na saa moja tu kwa siku ukielekea mashariki. Kwa hiyo ataamka saa nane au tisa usiku kwa siku tano au sita hivi. Akirudi nyumbani itachukua zaidi ya wiki.

Naweza kumpelekea mdogo wangu unga, majani ya chai na pilau masala kwenye begi la mkononi? (Nakuru)

Weka kwenye begi kubwa la kukabidhi. Tangu 2018 ndege zinazoelekea Marekani zina ukaguzi wa ziada kwa unga na vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi, kiasi cha kopo la soda, na kisichoweza kuthibitishwa kitabaki getini. Viwe kwenye pakiti za dukani zilizofungwa, na uvitaje kwenye forodha ukiulizwa kama una chakula. Nyama ya kukausha usijaribu. Itachukuliwa, na usipoitaja unaweza kutozwa faini.